Waliita Jina Langu Nikabaki Nimekaa

Musonoi, siku ya kazi tatu. Joto, na mawingu ya uongo.

Jumatano, kwa wale wa Swahili ya kitabu. Huku kwetu siku zinahesabiwa kwa kazi: kazi moja, kazi mbili, hivyo hivyo mpaka siku ya posho. Hata mi nisiye na kazi nahesabu hivyo.

Joto la leo halina haya. Mawingu yamekuja tangu asubuhi, yamekaa juu ya mgodi, yametutazama, kisha yameondoka. Wiki ya pili sasa mvua inatudanganya. Vumbi limeingia mpaka ndani ya chumvi. Nimefagia mara tatu, nimehamisha kiti cha Tata Kabamba, bwana wangu, karibu na dirisha, nimekirudisha pale pale. Nikikaa, mguu unacheza wenyewe. Nikisimama, sijui nilisimama kwa nini.

Daftari, acha nikuambie moja kwa moja, maana nikizunguka nitaanza kujitetea.

Leo waliita jina langu mbele ya wanawake arobaini, nikabaki nimekaa.

Sikuwa mgonjwa. Sikuwa nimelala. Masikio yangu ni mazima, nalisikia jina lile mpaka sasa ninapoandika. Nililisikia mara tatu.

Ngoja. Nianze pale panapoanzia.

Daftari hili lilikuwa la Umba, kitinda mimba wangu. Mbele kuna mito na milima ya Zaïre, nusu daftari, kisha akaacha. Alipoenda shule ya bweni Likasi aliniachia, nami nikaligeuza, naandika kutoka nyuma. Naandika Swahili ya masista walionilea, ingawa mdomo wangu ni wa Musonoi. Masista walisema Swahili ya hapa ni ya kufukuzia mbuzi. Labda. Lakini mbuzi wanaielewa vizuri sana.

Tangu Umba aende, nyumba imekuwa kubwa. Vyumba viwili na jiko, nyumba ya kampuni kama zote za mstari huu, na zamani tulilala humu watu saba, tumepangana kama ndakala, dagaa wale wakavu, kwenye karatasi. Kabamba, mtoto wetu wa kwanza, ana miaka ishirini na sita na mke. Wengine nao wametawanyika. Asubuhi nawasha mkaa, napika bukari, ugali wetu, kisha nagundua nimepika kwa sufuria ya watu saba. Nimefanya hivyo siku tatu mfululizo. Kuku wa jirani wamenenepa.

Nina miaka arobaini na sita. Wamama wenzangu wanasema sasa ni wakati wa kupumzika na kungojea wajukuu. Wanasema kwa upendo. Lakini mi nikisikia neno lile, kungojea, nataka kuvunja sahani. Nimengojea kutosha. Nimengojea posho, nimengojea king'ora cha kutoka kazi, nimengojea homa za watoto zishuke. Sasa ningojee nini tena?

Ndiyo maana lilipobandikwa tangazo mlangoni pa foyer, ile nyumba ya kampuni ambamo wamama tunafundishwa kushona, nililisoma mara nne. Kampuni inataka wanawake wanane wa kufanya kazi katika nyumba ya sampuli. Labo, tunaita. Mawe yanatoka mgodini kwa mifuko, yanapondwa, yanakaushwa, yanachekechwa, kisha unga wake unamwagwa kama kilima, kilima kinagawanywa sehemu nne, unatupa mbili, unabaki na mbili, unagawanya tena, mpaka unabaki na kidogo cha kutia ndani ya bahasha. Unaandika namba. Basi. Kidogo kile ndicho kinachowaambia wakubwa kama shimo zima lina mali au halina.

Daftari, niliitaka kazi ile.

Usinicheke. Mi mawe nayajua. Sikuyajua kwa shule, nimeyajua kwa beseni. Miaka zaidi ya ishirini naosha salopeti, zile nguo za kazi, za Tata Kabamba, fundi wa mashine kubwa za mgodini, na maji ya kwanza hayasemi uongo. Yakiwa mekundu kama matofali, najua wamefanya kazi juu, kwenye udongo tu. Yakiwa na kijani kinachobaki ukingoni mwa beseni, wamefika kwenye shaba. Yakiwa meusi, meusi ya kung'aa kidogo kama masizi yaliyotiwa mafuta, hiyo ni kobalti, na salopeti hiyo uioshe peke yake. Zamani nilikuwa namwambia Tata, "Leo mulishuka chini kabisa, eh?" naye anashangaa, anauliza ni nani wa kazini anayemletea bibi yake habari.

Siku ya mtihani waliweka sahani kumi za mawe. Kila mwanamke alipewa namba ya kubandika kifuani, yangu kumi na tisa. Wengine waliyatazama mawe kwa mbali, kama nyama iliyolala. Mi nilitia mate kidoleni, nikalowesha kila jiwe, nikasugua, nikatazama rangi ya kidole. Nilipata yote kumi. Mzee wa labo, mwenye koti jeupe, aliuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia, "Kwa beseni, Tata." Alicheka mpaka akatoa miwani. Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini.

Tata Kabamba naye alifanya lake. Mwanamke wa ndoa hapewi kazi bila karatasi ya bwana kukubali, na nilijua mabwana wengi hapa Musonoi waliokataa hata kuishika. Yeye aliichukua, akaiweka mezani, akanawa mikono kwanza, akanakili kila kitu kutoka kwenye kadi yangu ya uraia kwa mwandiko wake wa taratibu, akatia sahihi. Mi nilikuwa nyuma ya bega lake. Nilimwambia tu, "Andika muzuri." Sikusoma alichokiandika. Nilikuwa natazama sahihi.

Sasa leo.

Ukumbi wa foyer ulijaa kabla ya king'ora cha pili. Kila mmoja na kikwembe, kitenge chake cha sikukuu. Nilikaa kwenye benchi na Masengo, binti wa mlango unaotazamana na wangu, aliyeolewa mwaka jana. Ana miaka ishirini na mbili na Kifaransa chake kinapita kama maji ya bomba. Mikono yake ilikuwa baridi, katika joto hili. Niliishika.

Karani aliingia na abakosti, koti la serikali lisilo na tai, imefungwa mpaka shingoni, jasho linamtiririka, masikini, mtoto wa watu. Alisema ataita majina manane, kila moja na Citoyenne, mwananchi, mbele yake. Anayeitwa asimame, aseme présente, yaani niko. Asiyekuwapo amejifuta mwenyewe, na nafasi inakwenda kwa wa akiba.

Wa kwanza akaitwa, akasimama. Wa pili. Wa tatu alipiga kigelegele mwenyewe, tukacheka. Wa nne.

"Citoyenne Ngoie Numbi!"

Hakuna aliyesimama.

Mi nilifanya ishara ya msalaba. Ndiyo, Daftari, ishara ya msalaba, maana Ngoie Numbi ni mama-mkwe wangu, mama yake Tata Kabamba, na tulimzika kijijini kwao, Kabongo, miaka miwili iliyopita. Nikajisemea, tazama, kuna mtu hapa ana jina la marehemu. Nikageuza shingo kutafuta ni nani.

"Ngoie Numbi!"

Wanawake wakatazamana. Na mi, kwa mdomo wangu huu, nilimwinamia Masengo nikamnong'oneza, "Mwanamuke gani analala siku kama ya leo? Bengine banalilia nafasi, yeye eko kwa kitanda!" Masengo akaziba mdomo asicheke.

"Ngoie Numbi, mara ya tatu!"

Hayuko. Karani akapiga mstari. Nikausikia mstari ule, kalamu ilikuwa inakwaruza. Akatazama karatasi ya akiba, akaita Masengo. Masengo hakuamini, mi ndiye niliyemsukuma mgongoni asimame. Kisha wakaitwa watatu wa mwisho, na jina langu halikuja.

Jina langu. Nilikuwa nangojea jina gani? Ukiniuliza sasa sijui. Nadhani nilikuwa nangojea mtu aseme Mama Kabamba.

Nilimkumbatia Masengo, nikampongeza mbele ya watu, nikarudi nyumbani polepole. Njiani nilijisemea kwamba mzee wa labo alinicheka tu, hakunisifu. Nilijisemea wamenitazama mvi. Nililia kidogo kwenye bomba, nikanawa uso, nikapika. Kwa sufuria ndogo, safari hii.

Tata Kabamba alirudi kutoka zamu ya asubuhi. Alikuwa ameosha mikono na ameketi, baruti ya mgodini ikapiga kama kila siku, sahani zikacheza mezani, tukazishika kila mtu yake bila kufikiri. Aliniuliza. Nikamwambia sikupata. Nikaona anaumia, nikataka kumchekesha, basi nikamsimulia habari ya yule mwanamke mvivu aliyeitwa mara tatu naye yuko kitandani.

"Balimwita nani?" akauliza.

"Utashangaa. Jina ya mama yako, Mungu amulaze. Ngoie Numbi."

Tata Kabamba aliweka tonge chini. Hakulitia mdomoni, hakulirudisha bakulini, aliliweka juu ya meza, kwenye mbao.

"Mama Kabamba," akasema, "karte yako iko wapi?"

Iko kwenye mkebe wa biskuti, chini ya godoro, pamoja na cheti cha ubatizo na meno ya kwanza ya watoto. Nikauleta. Nikafungua kadi. Picha ni yangu, macho yametoka kama ya mtu aliyeshikwa na polisi. Chini ya picha: Ngoie Numbi.

Nilikaa chini, palepale kwenye simiti.

Hapa wewe Daftari unaweza kuuliza, mtu mzima anasahauje jina lake? Nitakuambia. Miaka kumi na moja iliyopita redio ilisema majina ya ubatizo yamekwisha, kila mtu arudi kwenye majina ya mababu. Mi nilikuwa Véronique. Masista walinichukua nikiwa mdogo sana, sijui jina nililozaliwa nalo, na hakuna aliyebaki wa kuniambia. Siku ya kujiandikisha Umba alikuwa na surua, nikabaki naye. Tata akapanga mstari kwa ajili yetu sote, tangu alfajiri, juani. Alipofika mbele karani akamwuliza jina la mababu la bibi yako, haraka, watu wanangoja nyuma. Tata akashtuka. Na mtu akishtuka anaita mama yake. Akamtaja mama yake, jina zima, na karani akapiga muhuri.

Nilinuna wiki nzima. Kisha kadi ikaingia mkebeni, ikalala. Maana jina lile nyumbani humu halikutamkwa hata siku moja. Mi siwezi kutaja jina la mama-mkwe wangu, nililelewa kwa adabu. Na Tata je? Amwite bibi yake jina la mamaye, kisha amwambie alete maji ya kuoga? Kwa jirani ni Mama Kabamba. Kanisani, wakubwa wakiwa mbali, bado ni Mama Véro. Kwenye hospitali ya kampuni naitwa kwa namba ya kazi ya bwana, kwenye posho vilevile. Miaka kumi na moja, na hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele yangu akasema Ngoie. Leo ilikuwa mara ya kwanza, nami nikamcheka.

Nilimgombeza Tata Kabamba mpaka jirani akapunguza redio asikie vizuri. Nilimwambia amenizika na mama yake kaburi moja. Nilimwambia mengine, siyaandiki, Umba atakuja kudai daftari lake siku moja.

Yeye alingoja nimalize. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Kwa ofisi, mi njo nilikosa. Nakubali. Lakini leo kwa foyer, mi sikukuwa pale."

Inauma kwa sababu ni kweli. Angeweza kuniandika jina la jiwe, kadi ilikuwa chini ya godoro langu mi. Miaka yote hiyo sikuifungua kuuliza ni nani humu ndani. Nilikuwa na Mama Kabamba, likanitosha, likanivaa mpaka likawa ngozi. Na Kabamba mwenyewe yuko mbali, ana nyumba yake, hata barua anaandika kwa kuchelewa.

Nilifunga kikwembe kilekile nikarudi foyer, nusu natembea, nusu nakimbia, mwanamke wa umri wangu. Karani alikuwa anafunga dirisha. Nikamwekea kadi mbele ya macho.

"Citoyenne, niliita mara tatu."

"Nilisikia, Tata."

"Ulisikia?" Akanitazama vizuri. "Sasa ju ya nini haukusimama?"

Ningemweleza nini? Habari ya surua, ya mstari, ya mama-mkwe? Nilisimama pale kama mtoto aliyevunja chungu. Akanihurumia nusu, akasema, "Mama, maji ikisha kumwangika, haizolewe tena."

Hapo damu ikanipanda. Nikamwambia, "Tata, mi ninafulaka manguo ya mugodi tangu ungali mutoto. Maji ikimwangika, mi minaona ilitoka kwa jiwe gani. Njo maana munanihitaji."

Hakucheka, lakini alifungua dirisha tena. Akasema orodha inaondoka kesho na mkubwa wa labo, king'ora cha kwanza. Nije mapema na kadi yangu, mkubwa ataita majina tena mwenyewe kabla ya kupanda gari, na yeye karani atamweleza habari za mstari ule uliopigwa. Hakuahidi kitu. Akaongeza, "Lakini umwambie yule aliyechukua nafasi. Sitaki fujo mbele ya mukubwa."

Masengo. Mungu wangu, Masengo.

Nilimkuta anapiga pasi blauzi nyeupe ya kesho, makaa yanalia ndani ya pasi. Alinikaribisha kwa furaha, akataka kunipa kiti. Nikamwambia nikiwa nimesimama, nisije nikakaa nikapoa. Nikamwambia yote, hata ile sehemu ya kumcheka mvivu aliyelala. Mkono wake ukasimama juu ya blauzi. Nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua, nikainua pasi mwenyewe. Blauzi ilikuwa imeanza kubadilika rangi kidogo pembeni, si sana, ukiichomeka ndani ya kikwembe haionekani.

"Kama weye njo Ngoie," akasema, "mi niseme nini, Mama?" Na machozi yakaanza.

Hapa ndipo ninapotaka kusema ukweli wote. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu, limepakwa mafuta: baki nayo, mwanangu. Naomba uniamini, Daftari, nilikuwa nimefungua mdomo. Ndivyo nilivyoishi. Kipande cha mwisho cha nyama, baki nacho. Kitanda, baki nacho. Viatu vya Pasaka, baki navyo, mi nitavaa vya mwaka jana. Na watu wakanisifu, mama mwema huyu. Nilipenda kusifiwa, sikatai.

Nikalimeza.

Nikasema, "Kesho tuende wote mbili. Mi nitasema jina yangu, weye utasema yako. Nitamulomba mukubwa aweke kiti ya kenda. Akikubali, tumshukuru Mungu." Nikaiweka pasi mbele yake. "Akikataa, Masengo, sitakuachia. Nilipita mutihani, na ile nafasi ni yangu."

Alinitazama kama mtu anayesoma tangazo. Kisha akasema, "Sawa," akavuta pasi yake. Hakunisindikiza mpaka mlangoni, na siku zote hunisindikiza. Nimeivuka barabara ile ndogo kana kwamba nimeiba.

Sijui kama nimefanya vizuri. Kijana yule hana kosa. Ana miaka mingi mbele, nilijisemea, atapata nyingine, kisha nikajibu mwenyewe, na wewe ulipokuwa ishirini na mbili walikuambia hivyohivyo, ukangoja. Nimebishana hivi tangu jua lilipokuwa juu, na sasa limeshuka mpaka kwenye kilima cha vumbi la mgodi.

Kitu kimoja kimenijia nikiwa nachambua lengalenga, mchicha wa hapa. Yule mwenye jina. Mi na mama-mkwe wangu hatukupendana, tusidanganyane, alisema sombe yangu, majani ya mihogo niliyoyapika, ni maji ya kunawia. Lakini alipofiwa na bwana, akiwa na wajukuu tayari, alianza kwenda Bukama kununua samaki wakavu, akawauza Kamina, akipanda treni na mafurushi yake peke yake. Wanawe waliona aibu. Tata Kabamba alimwandikia barua akae nyumbani, atatunzwa. Akajibu kwa mdomo wa msafiri maneno matatu tu: "Miguu njo yangu." Tulicheka sana humu nyumbani. Mi nilicheka kuliko wote. Alikuwa na umri gani? Nimehesabu kwa vidole. Arobaini na minane, labda na tisa.

Nikaacha lengalenga nikatoka uani. Tata Kabamba alikuwa anatengeneza mnyororo wa baiskeli ambao haukuharibika, kwa sababu anaogopa kuingia ndani.

"Niite," nikamwambia.

"Mama Kab..."

"Hapana. Ile ya karte."

Alijikuna kichwa kwa mkono wenye grisi. "Haiwezekane. Ni mama yangu."

"Mama yako analala kwa amani. Mi niko muzima, na kesho bataita. Sitaki nikae tena."

Kisha akasema basi, ataita, lakini nisimtazame. Akaenda nyuma ya nyumba, upande wa choo, asionane na uso wangu. Mi nikakaa kwenye kigoda, mikono magotini, kama pale kwenye benchi. Kuku wakapita. Nikafikiri ametoroka.

"Ngoie."

Sauti ndogo, ya mtoto aliyepotea sokoni. Na mi, Daftari, nikageuza shingo kumtafuta mama-mkwe wangu mlangoni. Mwili haukutikisika.

"Ngoie Numbi."

Mguu ulisogea. Mmoja.

Akakohoa huko nyuma. Kisha, sijui kilimwingia nini, akaita kwa nguvu zote, kama anavyoita mwenzake juu ya mashine kubwa injini zikinguruma, mtaa mzima ukasikia, redio ya jirani ikapunguzwa tena, na pazia la Masengo likafunguka kidogo.

"Ngoie Numbi!"

"Niko!" Nikasimama. Kigoda kilianguka.

Nikacheka, kisha nikafuta macho, kisha nikamwambia aite tena, na safari nyingine asinionye, aite anapotaka, nikiwa jikoni, nikiwa naandika, popote. Akakubali. Alipopita kuchukua spana niliona naye macho yake si makavu.

Kadi iko hapa karibu na kalamu. Blauzi yangu imepigwa pasi. Kiti cha tisa kipo au hakipo, sijui, na Masengo atanisalimia au hatanisalimia, hilo pia sijui. Mguu bado unacheza chini ya meza.

Kama mwandiko wa ukurasa huu ni mbaya, na wino umeruka hapa na pale, ni kwa sababu kila mara naacha kalamu nasimama, nasema niko, kisha narudi kukaa. Hii ni mara ya saba.

Anaita tena.